Kitabu cha Mtandaoni Kimefungwa kwa Nani? Mwongozo wa Kununua, Kusoma na Kutopoteza Vitabu Vyako

Simu ikidondoka ziwani kutoka kwenye kivuko cha Kamanga, Mwanza, vitabu ulivyonunua mtandaoni havizami nayo. Kesho yake unanunua simu nyingine mjini, unaingia kwenye akaunti yako, na vitabu vinarudi kimoja kimoja. Lakini ukiwa na simu nzima na kavu mkononi, halafu ukapoteza barua pepe uliyofungulia akaunti, siku simu hiyo itakapoharibika vitabu vimekwenda, hata kama vilikuwa mia. Wasomaji wengi wanailinda simu kwa kava na kioo cha juu, akaunti wanaiacha wazi kama nyumba isiyo na mlango.

Kitabu chenye kufuli, yaani kilichofungwa kidijiti ili kifunguke kwa aliyelipa tu, kinashikiliwa na mnyororo wa pingili nne. Kitabu kimeshikwa na leseni. Leseni imeshikwa na akaunti. Akaunti imeshikwa na barua pepe. Na barua pepe, kwa wengi wetu, imeshikwa na laini ya simu inayopokea namba za kuthibitisha. Ikikatika pingili yoyote, kitabu hakifunguki, na muuza duka aliye ng'ambo hana njia rahisi ya kujua kwamba wewe ndiye uliyelipa.

Kufuli lenyewe linavyofanya kazi

Duka linapokuuzia kitabu cha aina hii, haliuzi karatasi wala faili tupu. Linauza ruhusa ya kusoma. Ndiyo maana jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayoyataka maduka ya bidhaa za kidijiti yasiandike neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu.

Tuchukue mfumo wa kampuni ya Adobe, kwa sababu ndio unaotumiwa na maduka na maktaba nyingi za mtandaoni. Maandishi ya kitabu husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa alama zisizosomeka, kwa ufunguo wa kitabu hicho. Ufunguo huo nao husimbwa tena kwa ufunguo wa msomaji, yaani wako. Unapoidhinisha kompyuta au simu kwa akaunti yako ya Adobe, ufunguo wako hutua kwenye kifaa hicho na kuhifadhiwa humo. Ukifungua kitabu, programu inatumia ufunguo wako kufungua ufunguo wa kitabu, kisha ufunguo wa kitabu kufungua maandishi. Yote hutokea ndani ya sekunde moja, bila intaneti. Kwa hiyo kitabu kilekile kinasomeka kwenye laptopu yako na kwenye simu yako, maana vyote viwili vimebeba ufunguo wa akaunti moja, na hakisomeki kwenye simu ya jirani hata ukimtumia faili zima.

Kindle, kifaa na programu ya Amazon ya kusomea vitabu, ina mfumo wake, ila wazo ni hilohilo: kitabu kimefungwa kwa akaunti ya Amazon na kwa kifaa kilichosajiliwa kwenye akaunti hiyo. Ukikifutia kifaa usajili, vitabu vilivyonunuliwa vinaondoka kwenye kifaa, lakini kwenye akaunti vinabaki. Apple nayo ina kufuli lake, na vitabu vyake hufunguka ndani ya programu yake tu.

Kuna kufuli la aina nyingine linaloitwa Readium LCP, na kwa maoni yetu ndilo linalomfaa zaidi msomaji wa kwetu. Halihitaji akaunti ya kampuni ya tatu. Duka linakupa faili dogo la leseni lenye herufi lcpl mwishoni, na unapofungua kitabu unaulizwa maneno ya siri mliyokubaliana na duka. Programu ya Thorium Reader inayasoma vizuri, ni ya bure, na inakaa kwenye Windows, Mac na hata Linux. Adobe Digital Editions, programu ya Adobe ya kusomea vitabu, haina toleo la Linux.

Na kuna maduka yasiyofunga kabisa, bali huchapa jina au barua pepe yako kwenye kurasa za kitabu. Hicho kinafunguka popote. Ukikisambaza, jina lako ndilo linalosambaa.

Lichungulie faili kwa macho yako

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukilipia kitabu chenye kufuli la Adobe, faili unalopakua kwanza huwa na herufi acsm mwishoni. Angalia ukubwa wake: ni KB chache tu, wakati kitabu chenyewe kwa kawaida kina MB moja na kuendelea. Hilo si kitabu. Ni kama stakabadhi ya stoo: unaipeleka dirishani, unapewa mzigo. Ukilifungua kwa Notepad utaona maandishi yanayosomeka: jina la kitabu, jina la mwandishi, anwani ya seva itakayotoa mzigo, namba ya muamala, na tarehe ya mwisho ya stakabadhi yenyewe. Maneno ya kitabu hayamo hata sentensi moja. Ukibadilisha herufi moja, sahihi iliyo mwishoni haitalingana tena na seva italikataa, kwa hiyo tazama tu, usihifadhi.

Wanafunzi hutumiana mafaili haya kwenye makundi ya WhatsApp wakidhani wanatumiana kitabu. Matokeo yake ni mabaya kuliko wanavyofikiri: mtu wa kwanza kulifungua stakabadhi hiyo ndiye anayefungiwa kitabu. Ukinunua, ukamtumia mwenzako wa Malimbe kabla hujalifungua mwenyewe, na yeye akalifungua kwa akaunti yake, kitabu ni chake. Wewe uliyelipa utapata ujumbe wa kosa.

Baada ya programu kuchukua mzigo, kitabu huhifadhiwa kwenye folda ya My Digital Editions ndani ya Documents, kikiwa EPUB (aina ya faili la vitabu vya mtandaoni) au PDF. Ukitaka kuona kufuli, tengeneza nakala ya EPUB, badilisha herufi za mwisho za nakala ziwe zip, uifungue. Ndani kuna folda ya META-INF, na humo utakuta mafaili mawili: rights.xml, lenye ufunguo wa kitabu uliosimbwa kwa ajili ya akaunti yako, na encryption.xml, lenye orodha ya kila sura iliyofungwa. Fungua sura yoyote na utaona uchafu wa alama usio na maana. Hicho ndicho anachokiona mtu uliyemtumia kitabu.

Hatua ya 1: Anza na barua pepe, siyo duka

Chagua barua pepe moja ya kununulia vitabu na usiibadilishe. Isiwe ya chuo wala ya kazini. Ya chuo hufungwa ukihitimu, ya kazini hufungwa ukihamishwa, na vitabu havijui kwamba umehitimu.

Ukitumia Gmail, ingia sehemu ya usalama na utoe namba za akiba (backup codes), za kuingilia siku simu isipokuwepo. Ni 10, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, siyo kwenye simu ileile utakayoipoteza. Kisha iguse barua pepe hiyo mara kwa mara: tangu Desemba 2023 Google imekuwa na utaratibu wa kufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka 2 bila kutumika.

Hatua ya 2: Hakikisha laini ni yako

Laini nyingi huku kwetu zimesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mwingine: kaka, mama mdogo, au rafiki aliyekuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mapema. Laini hiyo ikipotea, wewe huwezi kuirudisha. Ni lazima mwenye alama za vidole aende dukani, na kama amehamia Geita au amefariki, pingili ya nne imekatika.

Laini isiyotumika kwa muda mrefu nayo hufungwa, na namba yake inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Hapo namba za kuthibitisha zitakuwa zinaingia kwa mgeni. Kabla ya kutupa laini, ingia kwenye barua pepe na kwenye kila duka la vitabu ubadilishe namba. Laini itupwe mwisho, baada ya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Anayelipa si lazima awe mwenye kitabu

Duka haliangalii kadi ya nani imelipa. Linaangalia ni akaunti ya nani imenunua. Kwa kuwa si kila mtu ana kadi ya malipo ya mtandaoni, watu wengi humwomba ndugu aliye Dar es Salaam au ng'ambo awanunulie. Akinunua kwa akaunti yake, kitabu ni chake, na kukuhamishia haiwezekani kwenye maduka mengi makubwa.

Fanya hivi: ingia kwenye akaunti yako mwenyewe, fika hadi ukurasa wa malipo, ndipo ndugu aingize kadi yake. Au akununulie kadi ya zawadi ya duka hilo, wewe uiweke kwenye akaunti yako, baada ya kuhakikisha kwamba kadi ni ya tawi la nchi ambayo akaunti yako imeandikishwa. Kama ni kadi ya mtandaoni ya huduma ya pesa kwenye simu, weka kiasi kinachozidi bei kidogo kwa ajili ya kodi na kubadilisha fedha, la sivyo malipo yatakataliwa ukiwa umebakiza shilingi mia tano.

Hatua ya 4: Idhinisha kifaa kwa akaunti, kabla ya kugusa faili lolote

Pakua Adobe Digital Editions kutoka Adobe wenyewe. Ukiifungua, nenda menyu ya Help, chagua Authorize Computer, andika barua pepe na nenosiri la akaunti yako ya Adobe. Kwenye dirisha hilohilo kuna kisanduku kinachokuruhusu kuidhinisha bila akaunti. Usikitie alama. Ni rahisi, ni haraka, na kitabu utakachofungua kitafungwa kwa kompyuta hiyo peke yake. Kompyuta ikifa, hakuna pa kukidai.

Ukishaidhinisha, ndipo ufungue faili la acsm. Mzigo ukishuka, fungua kitabu, pekua kurasa tatu nne, kisha uzime intaneti na ufungue tena. Kikifunguka, kimetulia.

Kwenye simu kuna Adobe Digital Editions na pia PocketBook Reader. Zote mbili zinakubali akaunti hiyohiyo ya Adobe.

Akaunti moja ina nafasi ya kompyuta 6 na vifaa vya mkononi 6. Zinaonekana nyingi, lakini zinaisha. Kupiga windo upya bila kufuta idhini kunaweza kula nafasi moja. Kuuza laptopu bila kufuta idhini kunakula nyingine. Na kubwa kuliko zote ni stesheneri.

Kompyuta ya stesheneri

Mwanafunzi anaingia stesheneri ya Nyegezi achape kazi, anakumbuka kitabu, anaidhinisha kompyuta ile, anasoma sura moja, anaondoka. Nafasi moja imekwenda na ufunguo wake umebaki kwenye mashine ya watu. Anayekaa baada yake anafungua mafaili yake ya acsm kwa akaunti ya mwanafunzi yule bila kujua, na vitabu vyake yeye vinafungwa kwa mtu asiyemfahamu. Tunasisitiza: usiidhinishe kompyuta ya umma. Kama umeshafanya, rudi pale ufungue programu, bonyeza Ctrl, Shift na D kwa pamoja, ingiza nenosiri, na idhini itafutika. Kwenye Mac ni Cmd, Shift na D. Kazi hii inafanyika ukiwa umekaa mbele ya mashine hiyohiyo, wala haifanyiki kwa mbali.

Wenye stesheneri nao wanashauriwa kuangalia kila Jumatatu kama programu hiyo imeachwa na akaunti ya mtu.

Hatua ya 5: Pakua kabla ya safari

Ukinunua kitabu ukiwa Mwanza ukapanda meli ya Nansio au ile ya usiku ya Bukoba, kununua pekee hakutoshi. Kwenye Kindle na programu nyingine za simu, jalada la kitabu linaonekana hata kama kitabu chenyewe hakijashuka. Gusa jalada ukiwa bado na mtandao, subiri alama ya kupakua iishe, kifungue, ndipo uwashe hali ya ndege na ujaribu tena. Katikati ya ziwa mtandao hukatika kwa muda mrefu, na kitabu kisichoshuka kitabaki picha tu.

Kitabu cha kuazima kutoka maktaba ya mtandaoni kina tarehe ya mwisho ndani ya leseni. Siku ikifika kinajifunga chenyewe, mtandao uwepo au usiwepo. Vya kulipia kwa mwezi vinahitaji kifaa kiguse mtandao mara kwa mara, kwa hiyo mwalimu anayekaa kisiwani avifungue akiwa na mtandao siku anayoshuka mjini.

Ujumbe wa makosa na chanzo chake

E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER: stakabadhi imeshafunguliwa na akaunti nyingine. Mara nyingi akaunti hiyo "nyingine" ni yako wewe mwenyewe ya zamani, au ile idhini isiyo na akaunti. Jaribu akaunti zako zote za zamani. Ikishindikana, liandikie duka ukiwa na namba ya oda na uwaombe wakutolee stakabadhi mpya.

E_ACT_TOO_MANY_ACTIVATIONS: nafasi zimejaa. Futa idhini kwenye mashine ambazo bado unazifikia. Zilizobaki, yaani zilizouzwa, zilizoibwa na zilizoungua, zinafutwa na huduma kwa wateja ya Adobe tu. Waandikie, waambie unataka idadi irudishwe mwanzo.

E_ADEPT_REQUEST_EXPIRED: huu ndio unaowachosha mafundi, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa. Tazama saa ya kompyuta, pamoja na mwaka. Seva hulinganisha muda wa ombi lako na saa yake, na zikitofautiana sana inakataa. Kompyuta ya mezani iliyokaa miaka mingi, betri yake ndogo ya kwenye ubao mkuu ikiisha, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma. Betri hiyo kwa kawaida ni CR2032, duara bapa kama sarafu. Zima mashine, chomoa waya, itoe kwa ukucha au bisibisi nyembamba, weka mpya upande wenye maandishi ukiwa juu, washa, rekebisha tarehe na ukanda wa saa wa Nairobi, ambao ndio wetu. Kisha pakua faili la acsm upya kutoka dukani, maana la zamani huenda muda wake umekwisha kweli.

Ujumbe unaosema hati imepewa leseni ya akaunti nyingine: faili ni kitabu kamili, lakini ufunguo ulio kwenye kifaa si wenyewe. Usifute kitabu. Futa idhini iliyopo, idhinisha upya kwa akaunti iliyonunua.

Kabla ya kuuza simu au kuipeleka kwa fundi

Fundi akiiflashi simu, vitabu vinafutika na vitarudi ukiingia tena, mradi unajua nenosiri. Andika kabla hujaikabidhi. Ukiuza, toka kwenye akaunti za vitabu, futa idhini ya Adobe ndani ya programu, toa akaunti ya Google kwenye mipangilio, ndipo urudishe simu upya. Ukiruka kutoa akaunti ya Google, mnunuzi anaweza kukwama kwenye kioo kinachomtaka barua pepe yako na akakurudia kwa hasira.

Simu au Kindle ikiibwa, ingia kwenye akaunti kwa kifaa kingine, tafuta orodha ya vifaa, ukifute usajili, na ubadilishe nenosiri.

Duka likibadili mawazo

Hata ukitimiza yote haya, leseni ina mwenyewe. Julai 2009 Amazon iliondoa vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, ila alama na maandishi ya pembeni ya miaka yote hayakuwa na maana tena bila kitabu. Na tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya, njia iliyowafaa sana watu wenye mtandao wa kusuasua.

Kuvunja kufuli hatukufundishi hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na waandishi wa Kiswahili tayari wanaumizwa vya kutosha na nakala za wizi. Lakini una haki ya kuchagua pa kununua. Kabla ya kulipa, soma maelezo ya kitabu utafute kama kina kufuli na la aina gani. Kwa mfano, kampuni ya Tor, inayochapa hadithi za kubuni za kisayansi, iliacha kufunga vitabu vyake mwaka 2012. Vilivyotoka kwenye hakimiliki vipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Kitabu kisicho na kufuli kipakue siku hiyohiyo, weka nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu, ukivipanga kwa programu ya Calibre kama ni vingi.

Kwa vyenye kufuli, chukua lile daftari la namba za akiba. Ukurasa mmoja uandike jina la kila duka, barua pepe uliyotumia, namba ya oda ya kila kitabu, na vifaa vilivyoidhinishwa pamoja na tarehe. Kifaa kikitoka mikononi mwako, kipige mstari baada ya kufuta idhini, siyo kabla.